Mawe, Sanamu na Masamva: Maana ya Vitu vya Kale vya Usukuma

Kila mwaka wanafunzi wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya sharikani katika Mkoa wa Simiyu, huleta darasani swali lile lile. Familia imeokoka, au mtoto mmoja wa familia ameokoka, na mchungaji anaitwa kuja kuteketeza vitu vya marehemu babu. Vitu vimekwisha kukusanywa uani: kiti cha kigoda, mkuki, kipande cha kombe la baharini kilichokatwa mviringo, shanga, pembe, na pengine sanamu ya mti. Kiberiti kipo. Mwanafunzi anauliza: je, nichome?

Swali hili huonekana kuwa la uchungaji tu, na wengi hulijibu kwa kufungua Kutoka 20 na kuendelea na kazi. Mimi nadhani ni swali la historia kwanza. Mtu hawezi kusema kitu fulani ni sanamu ya kuabudiwa kabla ya kujua kilikuwa kitu gani, kilitengenezwa na nani, kilikaa wapi, na watu walikifanyia nini. Makala haya yanajaribu kueleza hayo kwa habari ya Usukuma, hasa upande wa mashariki ambako leo ni wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kutoka katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, lakini nchi zenyewe ni za zamani: Ntuzu, Kanadi, Itilima, Mwagala, Meatu na nyinginezo, kila moja na mtemi wake, mpaka serikali ilipoufuta utemi mwaka 1963.

Masamva hayakuchongwa

Jambo la kwanza ambalo mchungaji apaswa kulijua ni kwamba Wasukuma hawakuwa na sanamu ya Mungu. Muumba waliyemwita Liwelelo hakuchongwa katika mti wala katika jiwe, hakujengewa hekalu, na hakuwa na kuhani wa kudumu. Alitajwa, hasa jua lilipochomoza, naye alieleweka kuwa juu ya mambo yote na mbali kidogo na magomvi ya kila siku.

Waliokuwa karibu walikuwa masamva, yaani wazee wa ukoo waliokufa. Hao ndio walioweza kuleta ugonjwa wakisahauliwa na kuleta afya wakikumbukwa. Lakini tukiuliza walikumbukwa kwa njia gani, tutashangaa kuona kwamba sanamu haikuwa njia yao kuu. Walikumbukwa kwa kijumba kidogo cha nyasi kilichojengwa katika uwanja wa kaya, mahali pa kumwaga pombe au unga uliochanganywa na maji. Walikumbukwa kwa mnyama aliyewekwa wakfu kwa jina la marehemu, akachungwa pamoja na wengine bila kuchinjwa ovyo. Walikumbukwa kwa pambo lililovaliwa mwilini, kama lile kombe la mviringo lililosafiri kutoka pwani pamoja na misafara ya wapagazi. Zaidi ya yote walikumbukwa kwa jina. Mtoto alipolia bila kukoma, nfumu, yaani mganga mwenye kupiga ramli, aliulizwa ni nani anayetaka kuitwa. Jina likapatikana, mtoto akapewa, na pambo la babu likavishwa shingoni mwa mjukuu.

Hapa msomaji aone mambo yalivyo. Mfano wa babu ulikuwa mtoto mwenyewe. Ikiwa tunatafuta sura ya isamva katika kaya ya Kisukuma ya zamani, tusitafute katika mti. Tutazame mtoto anayecheza mlangoni na ambaye bibi yake humwita kwa heshima kana kwamba ni mumewe. Sisemi hili ili kulihalalisha. Yako maswali mazito ya imani hapo, na mengi zaidi kuliko yale ya sanamu: ni nani mwenye kumiliki uhai wa mtoto huyu, na ubatizo unamwondoa chini ya mamlaka ya nani? Lakini hayo ni maswali ambayo moto wa uani haujibu. Kombe likichomwa, jina linabaki.

Kaburi nalo lilikuwa sehemu ya kumbukumbu hiyo. Mwenye kaya alizikwa zizini, akiwa amefungwa katika ngozi ya ng'ombe, na ng'ombe wake wakaendelea kulala juu yake. Wageni wa Ulaya waliona ni dharau. Kwa Msukuma ilikuwa ni heshima kuu, kwamba mtu asitenganishwe na mali aliyoihangaikia. Kwa sababu hiyo Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, iliyohamisha kaya nyingi za Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule na kuzipanga katika vijiji, haikuwa uhamisho wa nyumba tu. Watu waliacha mazizi, na katika mazizi waliacha wazee wao. Vijumba vya masamva vilivyoachwa porini vilioza katika misimu michache ya mvua. Naamini kwamba operesheni ile iliondoa vijumba vingi kuliko mahubiri yote yaliyotangulia, na haikuweka kitu chochote mahali pake.

Sanamu za uwanjani

Hata hivyo sanamu zilikuwapo, na nyingine ni kubwa kiasi cha mtoto wa miaka mitano au zaidi, zenye mikono na miguu iliyounganishwa kwa kamba au ngozi ili iweze kutikisika. Zilikuwa za nini?

Zilikuwa za ngoma. Katikati ya karne ya 19, kwa masimulizi ya Wasukuma wenyewe, waliinuka watu wawili waliokuwa mabingwa wa dawa na wa ngoma, Ngika na Gumha, wakashindana. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, na wa Gumha wakawa Bagalu. Tangu hapo Usukuma nzima iligawanyika katika pande hizo mbili, na kila mwaka baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, makundi yalikutana uwanjani. Mashindano hayo hayana mwamuzi mwenye filimbi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, moja huku na jingine kule, na watazamaji ndio wanaohukumu kwa miguu yao: kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Basi manju, yaani kiongozi na mtunzi wa kundi, alihitaji mambo mawili: dawa ya kuvuta watu, na kitu cha kuwashangaza.

Sanamu ilikuwa ni kitu hicho cha kuwashangaza. Ilifichwa mpaka saa ya kilele, kisha ikainuliwa juu ya vichwa vya wachezaji, ikatikisa mikono, na watu waliokuwa kwa wapinzani wakakimbia kuja kutazama. Bagoyangi, yaani chama cha wacheza na nyoka, walitumia chatu aliye hai kwa kusudi lile lile. Banunguli walikuja na nungunungu. Wacheza bugobogobo walirusha majembe yao hewani. Sanamu ya mti ilikuwa ndugu wa chatu na wa jembe. Ilipochakaa au kupoteza nguvu ya kushangaza, ilitupwa au ikachongwa nyingine.

Je, haikuwa na dawa? Bila shaka mara nyingi ilikuwa nayo, kwa maana kundi zima lilikuwa na dawa, na mshindani alidhaniwa kurusha yake. Mchungaji asijidanganye kwamba mambo yote haya yalikuwa michezo ya watoto wa shule. Lakini dawa ya kuvuta watu uwanjani si ibada kwa sanamu. Hakuna aliyeipigia magoti, hakuna aliyeimwagia pombe ili mtoto apone. Ng'wanamalundi, ambaye jina lake halisi lilikuwa Igulu Bugomola na ambaye Wajerumani walimkamata kwa kuogopa umati uliomfuata, alikuwa kwanza mtu wa ngoma. Umaarufu wake wa kukausha miti kwa kunyosha kidole ulikua kutoka katika uwanja wa ngoma, wala haukutoka katika kijumba cha masamva.

Kosa la kuchanganya sanamu ya ngoma na kijumba cha wazee halikufanywa na wahubiri peke yao. Wanunuzi wa vitu vya kale walilifanya pia, na wao walikuwa na sababu ya fedha. Mwaka 1994 yalifanyika maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania huko Berlin na München, nayo yalizifanya sanamu za nchi yetu zitafutwe sana katika soko la Ulaya, kwa kuwa hapo awali iliaminiwa kwamba watu wa Afrika Mashariki hawachongi. Katika soko hilo kipande cha mti kutoka Usukuma hupata bei nzuri zaidi kikiitwa sanamu ya mzimu kuliko kikiitwa chombo cha ngoma. Hivyo mhubiri anayechoma na mfanyabiashara anayenunua wanakubaliana kwa neno moja, ambalo mchongaji mwenyewe pengine hakulijua.

Waliokuja na moto

Injili ilifika katika nchi hizi kupitia Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, ambayo leo ni Wilaya ya Busega. Kituo cha Nassa kilikuwa cha Church Missionary Society tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Kutoka hapo lilikua Kanisa la Africa Inland ambalo hadi sasa lina nguvu nyingi katika eneo hili. Wakatoliki walikuja kwa njia yao, na sisi Walutheri tulifika baadaye zaidi, tukiwa na watu waliohama na watumishi wa serikali kabla ya kuwa na wenyeji wengi. Kwa hiyo tulikuta desturi ya kuchoma imekwisha kuwekwa na wengine, tukaipokea bila kuichunguza, kama mpangaji apokeavyo samani za nyumba.

Haifai kuwadharau wamisionari wale. Wengi walijifunza Kisukuma vizuri kuliko baadhi yetu tunaohubiri kwa Kiswahili huko Itilima na kuwaacha bibi wazee wakisinzia. Nao waongofu wenyewe ndio mara nyingi waliodai moto, kwa kuwa walitaka ishara iliyo wazi kwamba wametoka upande mmoja na kuingia wa pili. Ishara ya namna hiyo ina nguvu. Waefeso walichoma vitabu vyao vya uganga kwa hiari yao (Matendo 19:19), na Luka anaisimulia habari hiyo kwa furaha.

Lakini kulikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Msukuma alitofautisha kwa uangalifu kati ya isamva, nfumu na nogi. Isamva ni mzee wa ukoo aliyekufa. Nfumu ni mganga anayetafuta chanzo cha shida. Nogi ni mchawi, adui wa wote, ambaye hata wasiobatizwa walimchukia. Mahubiri mengi yaliwaweka wote watatu katika kapu moja, yakaliita kapu hilo ushetani. Matokeo yake yanahitaji kutazamwa kwa macho makavu. Pale ambapo zamani ugonjwa wa mtoto uliweza kuelezwa kuwa ni babu aliyesahauliwa, na dawa yake ilikuwa ni familia kukutana, kuungama magomvi na kula pamoja, maelezo hayo yalipofutwa yalibaki maelezo mamoja tu: kuna mtu anayeloga. Na mtu huyo hutafutwa kati ya walio hai.

Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo wakati huo ilikuwa na sehemu kubwa ya Usukuma. Wengi walikuwa wanawake wazee. Macho mekundu, yaliyotokana na miaka mingi ya kupikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe katika nchi isiyo na kuni, yalichukuliwa kuwa ushahidi. Sisemi kwamba Kanisa liliwaua. Sababu zilikuwa nyingi: ardhi, mirathi, mchafuko wa vijiji vipya, tamaa ya waganga wa ramli. Ninachosema ni kwamba tuliwaondolea watu njia moja ya kueleza msiba iliyokuwa haina damu ya mwanadamu, na hatukuwapa kwa wakati ufaao njia yetu ya toba, maungamo na meza ya Bwana kwa lugha waliyoielewa. Baadhi ya wenzangu katika chuo hiki hawakubaliani nami hapa, nao wanasema kijumba cha masamva na tuhuma za uchawi vilikuwa pacha tangu mwanzo. Huenda. Lakini bado sijaelezwa kwa nini mauaji yaliongezeka wakati vijumba vilipokuwa vinapungua.

Wakatoliki wa Bujora, karibu na Mwanza, walichagua njia nyingine. Padri David Clement, mmisionari wa White Fathers kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma za watemi, vigoda, mapambo na vyombo vya makundi ya Bagika na Bagalu. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na jengo moja la makumbusho lina umbo la kiti cha enzi. Sikukuu ya Bulabo, ambayo hufanyika wakati wa Sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, huanza na maandamano na kuishia katika mashindano ya ngoma. Wapo wanaosema Bujora imefuga mzimu ndani ya kanisa. Mimi nimekwenda pale mara kadhaa, na wasiwasi wangu ni wa namna nyingine: kitu kikiwekwa katika kabati la kioo kinaacha kumdai mtu jibu lolote. Hata hivyo, kama Clement asingekusanya, leo tungekuwa tunabishana juu ya majivu.

Wittenberg, mwaka 1522

Walutheri hatuna udhuru wa kusema jambo hili halijatokea kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 1522, Luther akiwa amefichwa Wartburg, Karlstadt na wenzake walianza kuondoa sanamu katika makanisa ya Wittenberg, na watu wakazivunja kwa ghasia. Luther alirudi, na kuanzia tarehe 9 Machi alihubiri siku nane mfululizo. Hoja yake ilikuwa kwamba sanamu kwa zenyewe si jambo la wokovu wala la hukumu; twaweza kuwa nazo au kutokuwa nazo, ingawa yeye binafsi angependa zisiwepo. Kilichokatazwa ni kuziabudu na kuzitumaini. Tena alikumbusha kwamba wako watu wanaoabudu jua na nyota, na bado hatujaribu kuviangusha kutoka mbinguni. Mwaka 1525 aliandika tena dhidi ya Karlstadt, akisisitiza kwamba sanamu iondolewe kwanza moyoni kwa Neno. Mkono ukitangulia, moyo hujichongea nyingine.

Luther hakuwa mpole kwa sanamu zote, na zile zilizovuta watu kwenda kuhiji kwa kutafuta miujiza alikubali ziondolewe kwa utaratibu na wenye mamlaka. Kwa hiyo hatuwezi kumtumia kutetea kila kitu. Lakini mpangilio wake ni muhimu: Neno, kisha moyo, kisha mkono. Katika sharika zetu mara nyingi mkono ndio unaoanza, Jumamosi asubuhi, kwa sababu kwaya imekwisha kualikwa.

Mfano kutoka nchi ya barafu

Upo mfano mmoja wa kihistoria unaotuhusu kwa karibu ingawa umetoka mbali. Mwaka 1721 Hans Egede, mchungaji Mlutheri kutoka Norway, alifika Greenland kuhubiri kwa Wainuiti, watu wa pwani za barafu. Hata sasa wengi wa watu wa kisiwa kile ni Walutheri. Wainuiti hawakuwa na mkate, na Sala ya Bwana ilibidi ifikiriwe upya kwa watu ambao chakula chao cha kila siku ni sili na samaki.

Wainuiti wa Greenland walikuwa na kitu kilichoitwa tupilak. Kilitengenezwa kwa siri kwa mifupa, ngozi na nywele, kikapewa uhai kwa maneno, kikatumwa baharini kumwua adui. Kwa lugha ya Kisukuma tungesema ni kazi ya nogi. Hakikuonyeshwa kwa mtu, na hakikuchongwa ili kitazamwe. Baada ya msafara wa Gustav Holm kufika Greenland ya mashariki mwaka 1884, wageni walipouliza kitu hicho kinafananaje, wenyeji walianza kuwachongea mifano yake kwa mti, na baadaye kwa meno na pembe za wanyama. Leo vinyago hivyo huuzwa kwa watalii. Kitu cha kutisha kikawa pambo la meza.

Upande wa Kanada ndugu zao walisimamisha mawe yaliyopangwa juu kwa juu, waliyoyaita inuksuk, maana yake ni kitu kinachokaa badala ya mtu. Katika nchi isiyo na mti wala mlima wa kutambulika, jiwe hilo lilimwonyesha msafiri njia, lilionyesha mahali nyama ilipofichwa, na mengine yalipangwa mistari ili kuwatisha paa wa baridi waelekee kwa wawindaji. Machache yaliheshimiwa, wala si yote. Mawe yaliyopangwa kwa umbo la mtu mwenye mikono na miguu, ambayo wageni wanayapenda zaidi, Wainuiti huyaita kwa jina jingine, inunnguaq, yaani mfano wa mtu tu. Inuksuk iko katika bendera ya jimbo la Nunavut tangu mwaka 1999. Na sura ya yule wa pili, mfano tu, ndiyo iliyotumiwa katika nembo ya Michezo ya Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, na wazee kadhaa wa Kiinuiti wakalalamika kwamba dunia haijui tofauti.

Sijaleta habari hizi kwa ajili ya mapambo. Zinaonyesha kwamba kwa watu wale mawe matatu yanayofanana machoni yaweza kuwa kimoja alama ya njia, kingine mahali pa heshima, na cha tatu mchezo. Na kwamba mgeni, awe mhubiri au mnunuzi, hupenda kuyapa yote maana moja.

Mawe ya Yoshua

Mchongaji wa Usukuma alichonga mti, si jiwe. Lakini nchi yenyewe ni ya mawe, majabali makubwa yaliyopandana tangu Mwanza hadi mbugani, na watu hawakuyaacha bila majina. Katika kisiwa cha Ukara lipo jabali la Nyaburebeka, jiwe linalocheza, ambalo wenyeji huliomba kabla ya mgeni kuonyeshwa. Kila tarafa ina lake.

Biblia nayo imejaa mawe. Yakobo alisimamisha jiwe alilolalia na kulimiminia mafuta (Mwanzo 28). Samweli alisimamisha Ebenezeri (1 Samweli 7). Mawe kumi na mawili ya Gilgali yaliwekwa ili watoto waulize maana yake (Yoshua 4). Upande wa pili iko nyoka ya shaba: Musa aliitengeneza kwa amri ya Mungu, ikaponya, na miaka mingi baadaye Hezekia akaivunja kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Kitu ni kile kile. Kilichobadilika ni matumizi, na Hezekia aliyajua matumizi kabla ya kushika nyundo.

Lakini andiko ninalowapa wanafunzi ni Yoshua 22, ambalo halisomwi mara nyingi. Makabila mawili na nusu ya ng'ambo ya Yordani walijenga madhabahu kubwa kando ya mto. Israeli wengine waliposikia walikusanyika Shilo tayari kwa vita, wakiwa na hakika kwamba ndugu zao wameasi. Kabla ya kupigana walimtuma Finehasi, kuhani, pamoja na wakuu kumi, kwenda kuuliza. Wakaambiwa kwamba madhabahu ile haikuwa ya sadaka. Ilikuwa shahidi, ili siku zijazo watoto wa upande wa pili wasiambiwe kwamba hawana sehemu kwa Bwana. Finehasi alikuwa mtu wa kuogopwa. Tukumbuke mkuki wake katika Hesabu 25. Hata huyo aliuliza, akasikiliza, akarudi nyumbani bila kuvunja kitu.

Mimi sikufanya alivyofanya Finehasi. Nilipokuwa mchungaji kijana katika usharika mmoja wa vijijini Bariadi, niliitwa na vijana watatu wa familia moja, nikachoma vyote vilivyoletwa, pamoja na sanamu ya mti iliyokuwa na mkono mmoja uliokatika na mwingine uliokuwa bado unacheza kwa kamba. Nilihubiri vizuri, nadhani. Miezi kadhaa baadaye dada wa marehemu, mkristo wa miaka mingi wa kanisa jingine, alinijia baada ya ibada. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua kwa nini nilichoma mwanasesere wa ngoma wa kaka yake, aliyewafurahisha watu wa Ntuzu katika mashindano ya Sabasaba, na nikaliacha lile pambo la kombe ambalo mmoja wa vijana wale watatu alikuwa amelivaa ndani ya shati wakati wote nikihubiri.

Sikuwa na la kumjibu. Nilikwenda kwa kijana yule, na mazungumzo yetu yalichukua karibu mwaka mzima, juu ya jina alilopewa na juu ya hofu aliyokuwa nayo kwa ajili ya mtoto wake. Mwishoni alilivua mwenyewe, mbele ya mke wake na mimi, bila kwaya.

Familia nyingine iliponiita mwaka uliofuata, vijana walikuwa wamekwisha kuleta sururu ili kung'oa jiwe lililokuwa karibu na lango la zizi. Lilikuwa na bonde katikati, laini kama bakuli, na walikuwa na hakika kwamba ndipo babu alipomwagia masamva pombe. Safari hii nilimwomba mwinjilisti akamwite shangazi yao mkubwa. Alikuja akitembea polepole, akalitazama jiwe, akawatazama watoto wa kaka yake, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Alisema ndipo baba yake alipokuwa akinolea majembe na shoka kila kabla ya mvua, na kama wanataka kuling'oa basi waende kwanza sokoni wakanunue tupa. Mwinjilisti aliegesha baiskeli yake pale, tukaingia ndani kwa maombi.